Mtoto hafuati dini, ataomba chuo gani?

Ni saa mbili usiku. Matokeo ya kidato cha sita yametoka na baba anataka binti yake aombe chuo kikuu kinachomilikiwa na kanisa lao. "Huko watakulea vizuri," anasema.

Binti anainamisha kichwa. "Baba, naomba nisiende chuo cha dini. Mimi siamini tena."

Mama anaacha kukunja nguo. Hakuna anayezungumza.

Maneno kama hayo hayasikiki sana, kwani si rahisi kwa kijana kuyatamka mbele ya wazazi. Mwingine huona heri ajaze fomu anavyotaka mzazi, aende chuoni na siri yake.

Tanzania ina vyuo vikuu vya umma kama Dar es Salaam, Sokoine na Mzumbe. Vipo pia vya taasisi za dini: SAUT cha Wakatoliki, Tumaini Makumira cha Walutheri, Chuo Kikuu cha Arusha cha Waadventista Wasabato na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro. Mikopo ya HESLB haiishii vyuo vya umma tu, hivyo mkopo usiwe sababu pekee ya kukataa upande mmoja.

Jambo la kuangalia ni maisha ya kila siku. Chuo cha dini kinaweza kuwa na taratibu zake za ibada, mavazi, chakula na siku ya mapumziko. Kwa kijana mwenye imani hiyo, ni faraja. Kwa asiyeamini, inaweza kuwa miaka mitatu au zaidi ya kuigiza. Kujificha kwa muda mrefu huchosha akili, na huweza kuvuruga usingizi, hamu ya kula na hata masomo.

Mzazi anayehofia kwamba chuo cha umma kitampoteza mtoto naye ajue hili: chuo cha umma si mahali pasipo dini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kina msikiti na sehemu za ibada za Wakristo. Kwenda ni hiari ya mwanafunzi.

Kabla ya kuomba, kaeni pamoja msome kanuni za wanafunzi za kila chuo. Ulizeni: Je, ibada ni lazima? Kuna somo la dini linalohesabiwa kwenye matokeo? Mavazi yakoje? Anaruhusiwa kupanga nje ya hosteli? Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu, na kuhama baadaye kuna masharti yake. Ni bora kuuliza mapema.

Ada nayo isigeuzwe fimbo. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani. Ukimwambia mtoto "usiposali silipi", huenda akasali, lakini siku akipata tatizo kubwa chuoni hatakupigia wewe.

Baba anashusha pumzi, anamsogezea binti simu. "Haya, nisomee kanuni za hicho chuo unachotaka."

Mama anarudi kwenye nguo zake. "Na Jumapili utakuwa unatupigia?"

"Nitapiga, mama."