Kamina: choo changu, kisima cha jirani – usafi wa parseli unapimwa kwa avenyu nzima

Mvua inapoanza Kamina, kuanzia mwezi wa kumi, wengi wanafurahi. Visima vinajaa, kamba inakuwa fupi, na hata mtoto anaweza kuvuta ndoo bila kuchoka. Lakini maji yale yale yanayopandisha kisima yanaingia pia katika mashimo ya vyoo, yanapita katika malundo ya takataka nyuma ya nyumba, na kushuka chini ya udongo. Huko chini hakuna lupango. Maji hayajui parseli ya nani inaishia wapi.

Ndiyo maana usafi wa nyumba si jambo la mama wa nyumba peke yake, wala la bwana parseli peke yake. Mtu anaweza kufagia kila asubuhi, kuwa na choo kizuri na sabuni kando yake, na watoto wake wakaendelea kuhara, kwa sababu ya shimo la mtu wa nyuma.

Mji wa njia panda

Kamina ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu mwaka 2015, wakati Katanga ya zamani iligawanywa kuwa majimbo ine. Ni pia mji wa reli. Njia ya treni inayotoka Lubumbashi kupitia Bukama inagawanyika hapa: moja inaenda upande wa Kananga na Ilebo, nyingine inapanda Kabongo na Kabalo. Watu wanashuka, wanalala, wanaendelea na safari. Samaki wanaingia, mahindi yanatoka.

Pahali watu wengi wanapita, magonjwa pia yanapita. Upande wa Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu, kando ya maziwa ya Upemba na Kisale na mto Lualaba, kolera ni ugonjwa unaojulikana tangu miaka mingi. Mwaka 2023 inchi yetu iliandikisha zaidi ya wagonjwa 50,000 wa kolera, na Haut-Lomami ilikuwa kati ya majimbo yaliyoguswa. Mwaka 2017 jimbo hili lilipata pia mlipuko wa polio, kwa kuwa watoto wengi hawakuwa na chanjo ya kutosha.

Kolera, polio, homa ya tumbo na minyoo vina njia moja: vinatoka katika mavi ya mtu na kuingia kwa mdomo wa mwingine. Vinapitia maji, mikono, nzi, au chakula. Kazi yote ya usafi nyumbani ni kukata njia hiyo. Na kazi inaanza na choo, mbele hata ya ufagio.

Hesabu ya mita 30

Wataalamu wa maji na usafi wanatoa kanuni mbili. Ya kwanza: choo cha shimo kikae angalau mita 30 kutoka kisima. Ya pili: chini ya shimo libaki angalau mita 1 na nusu juu ya maji ya ardhi, na kipimo hiki kinafanywa wakati wa mvua, si wakati wa kiangazi ambapo maji yameshuka. Pahali chini kuna mawe yenye nyufa, maji machafu yanaweza kutembea mbali zaidi.

Sasa tuchukue parseli ya mita 20 kwa 30. Ukiacha mita mbili mbili kutoka lupango, choo katika kona moja na kisima katika kona ya kupishana vinaachana karibu mita 30. Inaonekana sawa. Lakini kisima hicho kiko mita mbili tu kutoka lupango la jirani. Kama jirani alichimba choo chake upande ule ule, mita 30 zote ni bure.

Njia ya kutoka ni kupatana. Kama parseli zote za avenyu zinaweka visima mbele, upande wa barabara, na vyoo nyuma, basi vyoo vinapakana na vyoo vya avenyu ya nyuma, na visima vinatazamana na visima. Katika parseli ya mita 30 kwenda nyuma, nafasi kati ya kisima na choo inabaki karibu mita 26. Si kanuni kamili, lakini ni bora mbali sana kuliko mita tano au sita. Pahali kuna mteremko, kisima kiende juu na choo chini. Na pahali parseli ni ndogo zaidi, kisima kimoja kilichowekwa vizuri kwa nyumba sita kina faida kuliko visima sita vilivyobanwa kati ya vyoo.

Kisima kilichochimbwa tayari hakihami. Hapo inabaki kukilinda: ukuta mfupi wa matofali kuzunguka mdomo, sakafu ya saruji inayosukuma maji mbali, kifuniko, na ndoo moja tu ya kuvutia, isiyowekwa chini kamwe. Na maji ya kisima cha namna hiyo yasinywewe hivi hivi.

Shimo linajaa lini?

Wengi wanaogopa kujenga choo kizuri kwa sababu wanafikiri kitajaa upesi. Hesabu inaonyesha kinyume. Maji yakishuka na uchafu ukioza, mtu mmoja anaacha katika shimo karibu lita 40 mpaka 60 kwa mwaka. Jamaa ya watu wanane inajaza karibu nusu ya meta kibu kwa mwaka. Shimo la mita moja kwa mita moja, lenye kina cha mita tatu, linaweza kutumika karibu miaka mitano.

Kinacholijaza mbele ya wakati ni takataka: sashe, chupa, nguo zilizochakaa, kucha za mahindi. Vitu hivyo havishuki wala haviozi upesi. Shimo la miaka mitano linakuwa shimo la miaka miwili, na bwana parseli anatafuta pahali pengine pa kuchimba, kila mara karibu zaidi na kisima. Kwa hiyo choo na takataka ni shida moja.

Mambo ya kufanya kwa choo ni haya:

– Udongo ukiwa wa mchanga, kuta za shimo zijengewe matofali, zaidi sana juu, ili mvua isibomoe.

– Sakafu ipande juu kidogo kuliko kiwanja, na udongo urundikwe kuzunguka, ili maji ya mvua yasiingie.

– Tundu liwe na kifuniko chenye mukono. Kifuniko cha mbao kinatosha. Nzi anayetoka chooni anatua juu ya bukari.

– Majivu ya mbabula yakimwagwa kidogo kila mara yanapunguza harufu na nzi.

– Uchafu ukifika nusu mita kutoka juu, shimo lifungwe kwa udongo. Juu yake mtu anaweza kupanda mpapai au mgomba. Kusiwe kuchimbua mbele ya miaka miwili.

Pahali maji ya ardhi yako karibu sana, choo kinainuliwa: shimo fupi, kuta zinazopanda juu ya ardhi, na ngazi mbili tatu za kupandia. Si aibu. Huko Goma, pahali chini ni mawe ya volkano na jembe haliingii, watu wengi wanajenga hivyo.

Kuna kosa moja linalosikika kila pahali: «mavi ya mtoto mudogo haiko na mubaya». Yako na ubaya. Mtoto mchanga anaugua mara nyingi, na vijidudu katika mavi yake ni vingi sawa na vya mkubwa au kupita. Mavi ya mtoto yatupwe chooni, yasiachwe kiwanjani wala kumwagwa nyuma ya jiko.

Takataka: malundo matatu

Mara nyingi takataka za nyumba zinatupwa katika shimo moja, kisha zinachomwa. Moshi wa plastiki una sumu, na unaingia kwanza katika mapafu ya watoto wanaocheza karibu. Zisipochomwa, mvua inazipeleka katika mitaro. Mtaro ukiziba, maji yanapanda barabarani na kuingia katika vyoo na visima.

Kugawa takataka mara tatu hakuhitaji franka nyingi.

Lundo la kwanza ni vitu vinavyooza: maganda ya mihogo na ndizi, majani ya sombe na lengalenga, mabaki ya chakula, majani ya kiwanjani. Ndiyo sehemu kubwa katika nyumba nyingi. Yakirundikwa kivulini, lundo la mita moja kila upande, kwa tabaka za vitu vibichi na vikavu, yakinyunyiziwa maji kidogo na kugeuzwa kila baada ya juma mbili, kwa miezi miwili au mitatu yanakuwa mbolea. Mama mwenye bustani ya lengalenga au nyanya hana haja ya kununua mbolea yote sokoni.

Lundo la pili ni vitu vyenye mnunuzi: chupa, bidoni, vyuma, mikebe. Viwekwe kando, vikavu. Watoto na vijana wanaokusanya vyuma wanavijua bei yake.

Lundo la tatu ni vitu vibaya: betri za redio na toshi, sindano, wembe, vioo vilivyovunjika, dawa zilizopita muda. Hivi havichomwi wala havitupwi chooni. Sindano na dawa zipelekwe kwenye kituo cha afya. Betri zikusanywe katika mkebe wenye kifuniko, mbali na watoto na kisima. Sashe za plastiki zinaingia pia hapa. Amri ya serikali ya Desemba 2017 ilikataza kuzitengeneza, kuziingiza, kuziuza na kuzitumia, lakini sokoni zingali zinapita. Kikapu cha zamani cha mama kinapunguza lundo hili kuliko shimo lolote.

Mikono na maji ya kunywa

Choo bila maji ya kunawa ni kazi nusu. Bidoni ndogo ya lita tano, iliyotobolewa karibu na mdomo na kutundikwa kwa kamba, na kijiti cha kukanyaga ili iiname, inatosha. Mtu ananawa bila kugusa bidoni. Sabuni ikikosa, majivu safi yanasaidia. Saa za kunawa ni zile zinazojulikana: kutoka chooni, baada ya kusafisha mtoto, mbele ya kupika, mbele ya kukula.

Maji ya kisima yachemshwe mpaka yatokote kweli, hata kwa dakika moja. Makala yakiwa ghali, kuna dawa ya klorini: fuata maandishi ya pakiti na ngoja dakika 30 mbele ya kunywa. Kuna pia jua: maji yasiyo na tope, katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, yalale juani saa sita, mawingu yakiwa mengi, siku mbili.

Mtu akianza kuhara maji maji, asingojee kesho. Kolera inaweza kuua kwa saa chache, lakini mgonjwa anayefika mapema kituoni anapona karibu kila mara. Njiani anyweshwe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyolundika, na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Nani alipe, nani apime?

Hapa ndipo mambo yanakuwa magumu. Katika parseli za kupangisha, nyumba ine au tano zinatumia choo kimoja. Bwana parseli anaishi pengine na anasema wapangaji ndio wachafu. Wapangaji wanasema hawawezi kujenga kwa mtu. Shimo linajaa, na usiku mtu anafungua ukuta wake ili mvua ichukue uchafu. Mvua inachukua kweli, na inaupeleka kwa wengine.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya inchi kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na ana pia wajibu wa kuyatetea. Pande zote mbili za parseli zinaingia katika maneno hayo. Kuna avenyu zinazoweza kuanza na mapatano madogo: bwana parseli analipa shimo, matofali na saruji; wapangaji wanachukua zamu ya usafi, kifuniko na sabuni. Chefu wa avenyu anaandika, na wote wanatia sahihi. Wakati wa kupatana juu ya bei ya nyumba, choo kizungumzwe pamoja na milango na madirisha.

Salongo nayo, iliyojulikana tangu enzi ya Mobutu, mara nyingi inaishia kwa kufagia barabara na kukata majani. Ingeweza kufanya zaidi. Wakaaji wa avenyu moja, pamoja na chefu wao na mjumbe wa afya wa kartie, wanaweza kutembea nyumba kwa nyumba na kamba ya mita 30. Kila kisima kinapimwa kutoka vyoo vyote vinavyokizunguka, hata vile vya ngambo ya lupango. Kinachofaa kinaandikwa kisima cha kunywa. Kisichofaa kinabaki cha kufua na kumwagilia, mpaka maji yake yatiwe dawa. Na anayetaka kuchimba shimo jipya anajua tangu siku hiyo ni upande gani anaruhusiwa.

Kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Haiombi gari wala mradi kutoka Lubumbashi ao Kinshasa. Kamba za visima vitatu, zikifungwa pamoja, zinaweza kutosha kupima.