Katavi kutoka angani: droni, viboko na vibali

Droni, ndege ndogo isiyo na rubani inayoongozwa kwa rimoti kutoka ardhini, ni chombo cha anga mbele ya sheria ya Tanzania, hata kama inaenea kwenye mkoba wa begani. Kanuni zilizotolewa mwaka 2018 ziliiweka chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na kabla mamlaka hiyo haijatoa ruhusa, Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa nayo hutakiwa kuridhia. Kwa hiyo mgeni anayetaka kwenda na droni katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi huanza safari yake kwenye makaratasi, wiki nyingi kabla ya kufika Mpanda.

Ruhusa hiyo ikishapatikana, bado lipo lango la Sitalike, kilomita zipatazo 35 kusini mwa mji wa Mpanda, yalipo makao makuu ya hifadhi. Katika hifadhi za taifa zote droni hairushwi bila kibali maalumu cha Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Karatasi ya TCAA haitoshi hapo, wala risiti ya kiingilio. Mapori ya akiba ya jirani, yaani Rukwa na Lukwati, yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), na huko nako mwenye eneo ndiye wa kuombwa. Anayekuja kutengeneza filamu huongezewa ofisi nyingine, Bodi ya Filamu.

Wapo wanaodhani udogo wa chombo utawaokoa. Madukani zimejaa droni zisizofika gramu 250, na sifa inayotangazwa zaidi ni kwamba hazihitaji kusajiliwa. Sifa hiyo ni ya Marekani, tena kwa wanaorusha kwa kujifurahisha tu. Na hata huko Marekani, idara ya hifadhi za taifa ilipiga marufuku droni katika maeneo yake tangu Juni 2014, kubwa kwa ndogo. Mnyama anayeshtuka hana mizani.

Wanaopitia Nairobi wana mzigo wa ziada. Kenya ilihangaika na suala hili kwa miaka: kanuni zake za kwanza zilifutwa na Bunge mwaka 2018, na zilizotumika baada ya hapo ni za mwaka 2020, zinazodai kibali hata cha kuingiza chombo nchini. Msafiri anayeshukia Nairobi kisha akavuka kuja Tanzania anakutana na forodha mbili, na katika yoyote kati ya hizo droni isiyo na karatasi huweza kushikiliwa mpaka mwenyewe atakapokuwa anaondoka. Kwa watu wengi uamuzi wa busara kuliko wote ni kuiacha nyumbani. Lakini uamuzi huo hauridhishi mpaka ieleweke ni kitu gani hasa kinachowavuta watu kuirusha Katavi, kwa sababu kivutio hicho kina uzito.

Katavi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974 na ikapanuliwa baadaye hadi kufikia kilomita za mraba 4,471. Sehemu kubwa ni misitu ya miombo, na katikati yake zimelala mbuga za wazi, Katisunga na Chada zikiwa mashuhuri kuliko nyingine. Mto Katuma hupita humo, hulisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kisha maji yake huelekea Ziwa Rukwa kupitia Mto Kavuu. Maziwa hayo mawili ni ya msimu. Mvua zikinyesha, kuanzia Novemba hadi Aprili, yanageuka bahari ya maji na majani. Ifikapo Agosti yamekuwa uwanda wa udongo uliopasuka, na nyati hutembea juu yake kwa makundi ya mamia na hata zaidi ya elfu.

Mwezi wa Oktoba Katuma huwa umebaki madimbwi. Viboko wa eneo zima hujazana humo, mamia katika dimbwi moja, migongo imegusana, maji yamekuwa tope zito la rangi ya kahawa. Mamba nao hujichimbia katika mashimo ya kingo za mto wakisubiri mvua. Aliyeketi ndani ya gari huona safu ya mbele tu ya migongo hiyo. Aliye juu huliona dimbwi zima, na hiyo ndiyo picha iliyosambaa duniani na kumfanya mtu atake ya kwake.

Tatizo la Katavi liko hapo hapo. Msimu unaotoa picha nzuri kuliko zote ndio msimu ambao mnyama hana pa kukimbilia. Kiboko hukaa majini mchana kwa sababu ngozi yake haivumilii jua, na akitishwa nchi kavu hukimbilia maji. Mwezi wa Mei akishtuka huzama na kuibukia mbali. Mwezi wa Oktoba akishtuka huingia katikati ya wenzake ambao tayari wanagombea nafasi, madume wakiwa wamechubuana kwa mapigano ya wiki nyingi na ndama wamebanwa baina ya miili ya viboko wakubwa. Vurugu ya dakika tano katika dimbwi la namna hiyo ina gharama ambayo kamera ya juu haiioni.

Si rahisi kumjua mnyama aliyesumbuliwa kwa kumtazama tu. Mwaka 2015 watafiti wa jimbo la Minnesota, Marekani, walichapisha matokeo ya dubu weusi waliokuwa wamevalishwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo. Droni ilipopita juu yao, wengi hawakuonyesha dalili yoyote ya kutaka kukimbia, lakini mioyo yao ilikuwa ikienda mbio. Huko Botswana watafiti wengine wamepima wanyama wa mbugani na kuona kwamba kadiri droni inavyoshuka ndivyo wanyama wanavyozidi kushtuka. Kauli ya mrusha droni kwamba wanyama “hawakujali” ina thamani ndogo sana kisayansi, ingawa kwa kawaida husemwa kwa nia njema.

Tembo hawahitaji kipimo cha moyo. Mwaka 2017 jarida la Oryx lilichapisha utafiti uliofanywa kando ya hifadhi za Tanzania, katika maeneo ya Tarangire na Manyara na yale ya Serengeti, ambako askari wa wanyamapori walifundishwa kutumia droni kuwaondoa tembo mashambani. Tembo walikimbia. Maelezo yanayotajwa ni kwamba mvumo wa mapanga ya droni unafanana na wa kundi la nyuki, wadudu ambao tembo huwaogopa. Kwa mkulima wa Mlele au Nsimbo, mkoani Katavi, anayelala kwenye dungu akilinda mahindi, hiyo ni habari njema. Kwa mtalii inamaanisha kwamba chombo alichokibeba ili kumkaribia tembo ni kile kile kinachotumika kumfukuza.

Ndege nao wana hoja yao, na historia ya Tanzania inayo kumbukumbu chungu ya hoja hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitoka Ujerumani kuja kuhesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, ikaanguka, na Michael akafa akiwa na miaka 24. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Filamu waliyokuwa wakiitengeneza ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Droni haimuui anayeiendesha, lakini hewa ya joto inayopanda juu ya mbuga za Katavi mchana ni njia ya tumbusi, korongo na mwari, na panga linalozunguka kwa kasi hukata bawa bila shida.

Haya yote hayaondoi faida ya droni mikononi mwa wenye kazi nayo. Katika bonde la Issa, kwenye misitu iliyo kati ya Mahale na Ugalla, watafiti wameijaribu kutafuta viota vya sokwe. Kwa jumla mtu anayetembea kwa miguu bado aliona vingi kuliko kamera. Ng’ambo ya magharibi, katika Hifadhi ya Garamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, droni imetumika kuhesabu viboko, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yaliitetea njia hiyo: ni salama kuliko kumtuma mtu kwenye mtumbwi, na picha hubaki ili wengine wahesabu upya. Kazi ya namna hiyo huenda kwa mistari iliyopangwa, kwenye kimo kimoja, kisha chombo hurudi. Mtalii hushuka, huzunguka, hurudia, kwa sababu anatafuta sura ya mnyama.

Ipo kazi nyingine ambayo ingefaa zaidi kwa Katavi, nayo haiko hata ndani ya hifadhi. Kupungua kwa maji ya Katuma wakati wa kiangazi kumehusishwa na mabanio na mifereji ya umwagiliaji iliyo juu ya mto, ukanda wa mpunga wa mkoa. Droni moja inayopiga ramani ya mabanio hayo, kwa vibali na kwa kuwashirikisha wakulima wenyewe, ingewasaidia viboko kuliko droni mia zinazoelea juu ya dimbwi lao. Uwezo huo upo nchini: Unguja na Pemba zilipigwa ramani kwa droni kuanzia mwaka 2016, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walikuwa miongoni mwa marubani.

Kwa anayesafiri na droni iliyokwisha kupata vibali vyote, mambo ya njiani ni machache lakini hayapuuziki. Betri za lithiamu hazipakiwi kwenye mzigo wa chini ya ndege. Hubebwa mkononi, vichwa vyake vikiwa vimefunikwa. Zisizozidi saa-wati 100 hupita kawaida, za kati ya 100 na 160 zinahitaji idhini ya shirika la ndege, na zaidi ya hapo abiria hazibebi kabisa. Droni nyingi za kitalii ziko chini ya kiwango cha kwanza. Ndege ndogo zinazotua kiwanja cha Ikuu, ndani ya hifadhi, huweka kikomo cha mizigo cha kilo 15 hivi katika mabegi laini, kwa hiyo sanduku gumu la droni ni mgogoro tayari. Anayekuja kwa treni kutoka Kaliua, kwenye tawi la reli lililojengwa enzi za mkoloni kufuata madini ya risasi ya Mpanda, hana kikwazo hicho, ila atafika na vumbi.

Joto nalo lina kauli. Droni nyingi ndogo zimetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzijoto 40, na kifaa kilichoachwa kwenye dashibodi saa saba mchana hupita hapo kabla hakijaruka. Kubwa zaidi ni suala la mahali pa kusimama. Urushaji unataka mtu ashuke garini na kukodolea macho angani, wakati kanuni za hifadhi zinamtaka abaki garini isipokuwa penye ruhusa, na nyati aliyelala kwenye majani marefu hana habari na kibali cha mtu. Mbung’o humalizia yaliyobaki.

Upo pia mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, unaohusishwa na mzimu wa Katabi, mwindaji wa kale aliyeipa hifadhi jina lake. Watu bado hufika hapo kutambika na kuacha sadaka. Kibali cha kupiga picha wanyama hakimpi mtu haki ya kuning’iniza kamera juu ya wanaoomba.

Ikitokea mgeni akarusha kwa siri, anayebaki na kesi kwa kawaida ni dereva wake. Mgeni hupanda ndege. Dereva atarudi Sitalike wiki inayofuata na wageni wengine, leseni yake na jina la kampuni yake vikiwa vinajulikana langoni. Kwa sababu hiyo waongozaji wengi huuliza habari za droni mapema, kabla mizigo haijapakiwa, na wana haki ya kukataa kuipakia.

Wanaotaka kuiona Katavi kutoka juu bila droni wanayo njia moja nzuri: dirisha la ndege ndogo inayotua Ikuu kiangazi, asubuhi, wakati mbuga zinaonekana zote na nyati bado hawajarudi kivulini. Wanaotaka viboko kwa ukaribu wanaweza kutembea kwa miguu wakiongozwa na askari mwenye silaha, huduma inayotolewa ndani ya hifadhi kwa utaratibu maalumu. Na wasio na muda wala fedha za kuingia ndani wana daraja la Katuma pale Sitalike, ambapo viboko huonekana chini mtoni bila hata lenzi ndefu.