Kadi au kidole: kipi kifungue mlango wa kampuni?

MFANYABIASHARA anayetaka kuachana na kufuli na daftari la getini hukutana na bidhaa za aina mbili sokoni. Ya kwanza ni kadi janja, ambayo mfanyakazi huisogeza karibu na kisomaji na mlango ukafunguka. Ya pili ni mitambo ya bayometria, inayosoma alama za vidole au sura ya mtu. Wauzaji wa kila upande husifu cha kwao, na mnunuzi asiyejua tofauti huishia kununua kwa kuangalia bei peke yake.

Kabla ya kuulizia bei, mwenye kampuni hana budi kujua anataka kuzuia nini. Makampuni mengi huchanganya mambo mawili: kumzuia mtu asiyehusika asiingie, na kuhesabu mahudhurio ya wafanyakazi. Kwa kazi ya kwanza kadi inatosha mahali pengi. Kwa ya pili ina kasoro kubwa, kwani huthibitisha tu kwamba kadi imefika mlangoni. Mfanyakazi aliyebaki nyumbani anaweza kumpa mwenzake kadi amgongee, na mwisho wa mwezi analipwa siku ambazo hakufanya kazi.

Tatizo la kulipa wasiokuwepo si dogo. Mei 2016 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwaondoa wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000 katika orodha ya mishahara yake. Mwenye kiwanda au mkandarasi anayelipa vibarua kwa siku yuko katika hatari hiyo hiyo, na hapo ndipo bayometria inapopata wateja wengi, kwa kuwa kidole hakiazimwi.

Kadi si zote sawa

Hata hivyo, anayechagua kadi ajue kuwa zipo za daraja mbalimbali. Kadi za bei ya chini zinazotumia masafa ya kilohezi 125 kwa kawaida hutaja namba yake kwa kisomaji chochote kinachoikaribia. Kifaa kidogo cha mkononi kinaweza kuinakili kadi ya aina hiyo kwa sekunde chache, na mwenyewe asijue.

Kadi zenye chipu zinazotumia megahezi 13.56 zina kinga zaidi, kwani hubadilishana na kisomaji ujumbe uliofichwa kwa mafumbo ya hesabu. Lakini hata humo kuna za zamani na mpya. MIFARE Classic, iliyoingia sokoni mwaka 1994, ilienea duniani kote na ndiyo iliyotumika pia katika kadi za usafiri za Oyster jijini London. Desemba 2007 watafiti Karsten Nohl na Henryk Plötz walieleza mjini Berlin jinsi fumbo lake linavyoweza kufumbuliwa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi walifikia matokeo kama hayo. Kampuni ya NXP, inayotengeneza chipu hiyo, ilikwenda mahakamani kuzuia chapisho lao, lakini mwezi Julai mwaka huo mahakama ya Arnhem ilikataa ombi hilo. Kadi za vizazi vya baadaye, kama vile DESFire zinazotumia mfumo wa AES, ni imara zaidi. Kwa hiyo mnunuzi amtake mzabuni aandike aina ya chipu katika nukuu ya bei. Maneno "kadi janja" peke yake hayatoshi.

Gharama za kidole

Kwa upande wa bayometria, gharama ya kununua na kubadilisha kadi hutoweka, lakini gharama nyingine huja. Mitambo hii hufanya kazi kwa kukadiria kufanana, na makadirio hukosea. Chukua mfano wa kisomaji kinachomkataa mwenye haki mara 1 katika kila 100. Kiwanda chenye wafanyakazi 300, kila mmoja akiingia na kutoka mara moja, kina matukio 600 kwa siku, kwa hiyo watu wapatao 6 watakataliwa. Ubaya ni kwamba mara nyingi watakuwa wale wale: wanaoshika saruji, mawe au dawa kali, na wazee ambao ngozi ya vidole imelika. Mtu anayekataliwa kila asubuhi huanza kukatwa mshahara bila kosa, na ugomvi na chama cha wafanyakazi huanzia hapo.

Kosa la pili ni kumkubali asiyehusika. Tuseme mtambo hukosea mara 1 katika kila 10,000 unapolinganisha vidole viwili. Kiwango hicho kinaonekana kidogo. Lakini kidole cha mgeni kikilinganishwa na vidole 500 vilivyomo kwenye kumbukumbu, uwezekano wa kupata kinachofanana unafika karibu asilimia 5. Aidha, mwaka 2002 Profesa Tsutomu Matsumoto wa Yokohama, Japani, na wenzake walionyesha kuwa kidole bandia cha jelatini kinaweza kudanganya visomaji. Tangu wakati huo vifaa vinavyopima kama kidole ni cha mtu hai vimetokea, lakini vya bei nafuu vingi havina uwezo huo.

Zaidi ya hayo, kadi ikiibiwa hufutwa siku hiyo hiyo na nyingine ikatolewa, ambapo kidole hakifutwi. Mwaka 2015 idara ya utumishi ya serikali ya Marekani, OPM, ilikiri kwamba alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6 zilikuwa zimeibiwa katika kompyuta zake. Watu hao hawana namna ya kupewa vidole vingine.

Sheria na umeme

Ndiyo maana sheria zimeingia. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria ya Tanzania inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na bayometria ni miongoni mwa taarifa nyeti. Mwajiri anayechukua vidole vya vibarua 200 na kuviacha katika kompyuta ya karani amejitwisha dhima ambayo pengine hakuiweka katika bajeti.

Vile vile kuna suala la umeme. Katika uchaguzi wa Kenya wa Machi 2013, vifaa vya kutambua wapiga kura kwa vidole vilikwama katika vituo vingi, baadhi kwa kuishiwa betri, na maofisa wakarudia daftari la karatasi. Mlangoni hali ni ngumu zaidi, kwani komeo la sumaku huachia umeme unapokatika na mlango hubaki wazi. Makomeo mengine hubaki yamefunga, jambo linalofaa kwa ghala lakini ni hatari moto ukitokea na watu wamo ndani. Betri ya akiba na njia ya kutokea kwa mkono lazima viwemo katika hesabu ya mwanzo.

Njia ya tatu

Kati ya pande hizo mbili ipo njia inayounganisha faida zake: alama ya kidole kuhifadhiwa ndani ya chipu ya kadi badala ya kompyuta ya kampuni. Mfanyakazi huweka kadi, kisha kidole, na mtambo hulinganisha hivyo viwili tu. Kadi haiazimwi tena, hakuna hazina kubwa ya vidole ya kuibiwa, na hatari ya kumkubali mgeni inabaki ile ya mara 1 katika 10,000. Hong Kong imetumia utaratibu wa namna hii tangu Desemba 2004 katika milango ya uhamiaji, ambapo wakazi hupita kwa kitambulisho chenye chipu na dole gumba.

Si kila biashara inahitaji gharama hiyo. Ofisi ya watu 15 wanaojuana inatoshelezwa na kadi nzuri. Kiwanda chenye vibarua wanaobadilika kila wiki kina sababu ya kutumia kidole getini, mradi pawe na utaratibu ulioandikwa kwa wale ambao vidole vyao havisomeki. Chumba cha fedha, stoo ya dawa na chumba cha kompyuta vinastahili vyote viwili.

Mwisho, mnunuzi aombe majaribio ya wiki mbili mahali pa kazi penyewe, kwa wafanyakazi wake na si kwa vidole laini vya muuzaji. Akague pia mahali kitasa kinapoendeshwa. Baadhi ya vifaa vya bei nafuu vina kisomaji na swichi ya mlango katika kasha moja linalofungwa ukuta wa nje. Mwizi mwenye bisibisi akifungua kasha hilo na kuunganisha nyaya mbili, hahitaji kadi wala kidole.