Swali Moja au Maswali 101?

Mnamo mwaka 1970 Edgar Codd, mwanahisabati aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani, alichapisha makala iliyopendekeza kwamba data zipangwe katika majedwali, na kwamba mwenye kuuliza aeleze anachokitaka pasipo kulazimika kujua kimewekwa wapi. Hifadhidata nyingi za leo zimejengwa juu ya wazo hilo.

Watunzi wa tovuti huachia viunzi kazi ya kuziuliza hifadhidata hizo. Kimojawapo ni Django, kilichoanza mwaka 2003 katika gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Kimepewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt.

Katika Django, swali halipelekwi pindi liandikwapo. Mtunzi aweza kuomba habari zote, kisha akachuja za mwezi huu, kisha akazipanga kwa tarehe, na hifadhidata ingali haijaguswa. Ni pale majibu yanapoanza kusomwa ndipo maombi yote huunganishwa kuwa swali moja. Huo ni uvivu wenye manufaa. Hata hivyo una mtego wake.

Tuchukue ukurasa unaoorodhesha habari 100, kila moja pamoja na jina la mwandishi wake. Habari zimo katika jedwali moja, waandishi katika jingine. Swali la kwanza huleta habari zote. Kisha, kila jina linapohitajiwa, kiunzi hurudi hifadhidatani kimya kimya, hata kama habari 40 kati ya hizo ni za mwandishi yule yule. Jumla ni maswali 101. Iwapo kila safari huchukua milisekunde 5, zaidi ya nusu sekunde imekwisha kupotea kwa msomaji mmoja tu. Mtunzi mwenye habari 5 za majaribio hagundui lolote. Taabu huanza siku tovuti inapopata wasomaji.

Dawa yake ni neno moja, select_related, ambalo hukiagiza kiunzi kiunganishe majedwali mawili ili majibu yaje kwa safari moja. Kadhalika, anayetaka idadi tu hana haja ya kuleta safu zote apate kuzihesabu: count huiachia hifadhidata kazi hiyo. Lakini ikiwa safu zimekwisha kusomwa, Django huzikumbuka, na kuzihesabu papo hapo hakugharimu safari nyingine.