Fahamu: Kabla ya kuomba chuo, mambo gani yawe tayari?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vibanda vya intaneti hujaa. Kwa kijana wa Misugusugu, kando ya Barabara ya Morogoro, kazi kubwa ilipaswa kuanza miezi kadhaa nyuma.

Ianzie kwenye cheti cha kuzaliwa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hutaka kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na jina linalotofautiana na la vyeti vya shule huleta usumbufu mkubwa. Herufi moja tu! Wazazi wavikague vyeti hivyo mtoto akiwa bado shuleni. Fomu ya mkopo nayo huhitaji mdhamini pamoja na saini na mhuri wa serikali ya mtaa.

Sifa ya jumla ya kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya alama 4. A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha, au C na E. Kozi nyingi, udaktari ukiwemo, hudai zaidi, na kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hueleza kila moja.

Tangu 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja ndani ya muda uliowekwa.