Katavi: Kutoka ngome ya Karema hadi mkoa wa watu zaidi ya milioni moja

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

KATIKA Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012, Mkoa wa Katavi ulikuwa na watu 564,604. Miaka kumi baadaye, sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Katika muongo mmoja tu, idadi ya wakazi wa mkoa huo iliongezeka zaidi ya maradufu.

Ongezeko hilo limezua maswali mengi kuhusu ardhi, maji na misitu. Hata hivyo, si rahisi kuyajibu maswali hayo bila kurejea historia ya eneo hilo, ambalo kwa muda mrefu lilijulikana kwa uchache wa watu wake na wingi wa mbung'o na wanyamapori.

Kabla ya ujio wa Wazungu, nchi hiyo ilikuwa chini ya watemi wa Wapimbwe, Wakonongo, Wabende na makabila mengine jirani. Jina la Katavi lenyewe linatokana na Katabi, ambaye kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji alikuwa mwindaji hodari. Inaaminika kuwa mzimu wake unakaa kwenye mti wa mkwaju karibu na Ziwa Katavi, mahali ambapo watu wamekuwa wakipeleka sadaka kuomba mvua na mawindo mema.

Nchi hiyo haikuwa imejitenga na dunia. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyounganisha Pwani, Tabora na Ziwa Tanganyika ilipita humo. Mapema mwaka 1872, Dk. David Livingstone na Henry Morton Stanley walipita katika eneo hilo wakitoka Ujiji kwenda Unyanyembe.

Ngome ya Karema

Makazi ya kwanza ya Wazungu katika eneo ambalo sasa ni Katavi yalianzishwa mwaka 1879 huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwanzilishi wake alikuwa Ernest Cambier, ofisa wa jeshi la Ubelgiji aliyetumwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, chombo kilichoundwa na Mfalme Leopold II. Jumuiya hiyo ilijitangaza kuwa ya kisayansi na ya kupinga biashara ya utumwa. Ukweli ni kwamba ilikuwa pia njia ya mfalme huyo kujipenyeza katikati ya Afrika.

Miongoni mwa mambo yaliyojaribiwa ni matumizi ya tembo waliofunzwa. Mwaka huo huo wa 1879, tembo wanne kutoka India walishushwa pwani karibu na Dar es Salaam, kwa matumaini kuwa wangebeba mizigo badala ya wapagazi, kwa vile ng'ombe na punda walikuwa wakifa kwa sababu ya mbung'o. Jaribio hilo halikufanikiwa, kwani hakuna tembo hata mmoja aliyedumu. Kiongozi wa msafara huo, Frederick Carter, aliuawa Mpimbwe mwaka 1880 pamoja na mwenzake Cadenhead katika vita vilivyohusisha majeshi ya Mtemi Mirambo.

Baada ya Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885, Leopold alielekeza nguvu zake Kongo, na pwani ya mashariki ya ziwa ikaangukia upande wa Ujerumani. Mwaka 1885 kituo cha Karema kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, na ngome ya askari ikageuka misheni.

Ni katika misheni hiyo alikofanya kazi Dk. Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi ambayo leo inaitwa Mali, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, kisha akakombolewa na wamisionari waliompeleka kusomea utabibu katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu wa mwambao huo hadi alipofariki dunia mwaka 1956. Jina lake bado linatajwa kwa heshima katika mikoa ya Katavi na Rukwa.

Malale na madini

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza. Tatizo kubwa lililoukabili utawala huo mpya katika ukanda wa magharibi lilikuwa ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali iliwahamisha watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa, ili misitu ifyekwe na wagonjwa wafikiwe kwa urahisi.

Hatua hiyo ilisaidia kupambana na ugonjwa, lakini ilikuwa na gharama yake. Familia ziliacha mashamba, makaburi na mahali pa matambiko. Maeneo yaliyoachwa yalirudi kuwa pori, na sehemu kubwa ya pori hilo baadaye ikatengwa kuwa hifadhi za misitu na wanyama. Kwa maneno mengine, si kila pori la Katavi lilikuwa pori tangu zamani. Baadhi yake lilipata kuwa makazi ya watu.

Mji wa Mpanda, kwa upande wake, ni mtoto wa madini. Dhahabu ilichimbwa katika eneo hilo wakati wa ukoloni, lakini kilicholeta reli ni madini ya risasi. Ili kuyasafirisha, tawi la reli lenye urefu wa takriban kilometa 210 lilijengwa kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, mwishoni mwa miaka ya 1940. Mgodi huo uliokuwa wa kampuni ya Uruwira Minerals haukudumu sana, kwani uzalishaji ulikoma karibu na wakati wa Uhuru.

Mgodi ulifungwa, reli ikabaki. Kwa miongo kadhaa, treni hiyo ndiyo iliyokuwa tegemeo la wakazi wa Mpanda, hasa nyakati za masika ambapo barabara za udongo zilikuwa hazipitiki.

Wakimbizi wawa raia

Mauaji yaliyotokea nchini Burundi mwaka 1972 yalifungua ukurasa mwingine. Maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka, na Serikali ya Tanzania ikawatengea ardhi katika maeneo yenye watu wachache. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973, na yale ya Mishamo mwaka 1978. Wakimbizi hao walifyeka misitu, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, na baada ya muda wakawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa chakula wilayani humo.

Mwaka 2007 Serikali ilianza mpango wa kuwapa uraia wale waliotaka kubaki. Zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, yaliyopo mkoani Tabora, walikubaliwa. Utoaji wa hati za uraia ulikwama kwa muda kutokana na mjadala wa ama wabaki walipo au wasambazwe katika mikoa mingine, hadi ulipoanza tena mwaka 2014.

Wageni wengine walitoka ndani ya nchi. Tangu miaka ya 1970, wafugaji wa Kisukuma wamekuwa wakihamia Mpanda na Mpimbwe na mifugo yao, wakitafuta malisho na ardhi ya kulima mpunga.

Kuzaliwa kwa mkoa

Kiutawala, Mpanda ilikuwa sehemu ya Jimbo la Magharibi, kisha Mkoa wa Tabora. Mwaka 1974 iliunganishwa na Sumbawanga kuunda Mkoa wa Rukwa. Mwaka huo huo Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa rasmi, na baadaye ikapanuliwa hadi kufikia kilometa za mraba 4,471.

Kwa mkazi wa Mpanda, kufuata huduma za mkoa kulimaanisha safari ya zaidi ya kilometa 200 hadi Sumbawanga. Adha hiyo ilipungua Machi 2012, Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa rasmi pamoja na mikoa ya Geita, Njombe na Simiyu, huku Mpanda ikiwa makao makuu. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, ni mzaliwa wa Kibaoni, Mpimbwe.

Kufunguka kwa barabara za lami kuelekea Sumbawanga na Tabora kumeumaliza upweke wa zamani. Lakini ardhi haikuongezeka. Mto Katuma, unaonywesha viboko na nyati wa hifadhi, ndio huo huo unaotegemewa na wakulima wa mpunga walio juu ya hifadhi. Inapofika kiangazi, maji hupungua kiasi kwamba viboko hulazimika kubanana kwa mamia katika madimbwi ya matope.

Kwa zaidi ya karne moja, kila tawala iliyofika Katavi iliamini kuwa ardhi ya kuweka watu ipo tele. Wabelgiji, Wajerumani, Waingereza na hata Serikali baada ya Uhuru walipanga mipango yao kwa imani hiyo. Takwimu za sensa zinaonyesha kuwa zama hizo zimekwisha, na kwamba Mpimbwe, Msukuma na raia mpya wa Katumba sasa wanalazimika kugawana ardhi na maji yale yale.