Je, wajua mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani?

Oksijeni, ambayo ni takriban asilimia 21 ya hewa inayovutwa na kila mkazi wa Bujumbura, huhesabiwa pia kuwa dawa, na tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya kutibu upungufu wa oksijeni katika damu, baada ya kuwa imetambuliwa kwa miaka mingi kama kiambata cha nusukaputi tu. Mtoto mwenye nimonia kali huihitaji kwa sababu vifuko vidogo vya mapafu yake, ambamo oksijeni huingia kwenye damu, hujaa majimaji na usaha, hivyo hata akipumua kwa kasi, hewa ya kawaida haimtoshi.

Hospitali za Bujumbura kama Prince Régent Charles au ile ya Chuo Kikuu iliyoko Kamenge zaweza kumpatia mgonjwa dawa hiyo kwa mitungi ya chuma au kwa mashine iitwayo konsentreta. Mtungi mkubwa huhifadhi lita 6,800 hivi za gesi, ambazo kwa kasi ya lita 5 kwa dakika huisha kabla ya saa 23 kutimia, kisha mtungi huo mzito hauna budi kurudishwa kiwandani ukajazwe, safari ambayo katika nchi kama Burundi, isiyo na bahari na inayoagiza mafuta yake yote ya magari kutoka nje si jambo dogo hata kidogo.

Konsentreta haihifadhi gesi, bali huitenga papo hapo. Hewa ya chumbani huvutwa, huchujwa vumbi, kisha hushindiliwa ndani ya mojawapo ya mapipa mawili yaliyojaa chembe za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno vinavyonasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Baada ya sekunde chache pipa la kwanza hushushwa shinikizo ili liteme naitrojeni liliyoinasa, na wakati huo pipa la pili hushika zamu, hata mgonjwa akapata bila kukatika gesi yenye oksijeni ya asilimia 90 hadi 96. Unyevunyevu ni adui wa zeolaiti, na vumbi huziba vichujio, kwa hiyo katika mji wa joto ulio kandokando ya Ziwa Tanganyika fundi wa kuisafisha mashine ni sehemu ya tiba sawa na muuguzi. Umeme nao, ambao Bujumbura husambazwa na shirika la REGIDESO, ukikatika mashine husimama, na ndiyo maana mtungi uliojaa hupaswa kubaki karibu na kitanda hata pale penye konsentreta mpya kabisa.

Hata hivyo mashine bila kipimo ni tiba ya kubahatisha, kwa kuwa macho ya binadamu huchelewa kuona midomo inavyogeuka rangi. Mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, alibuni mwanzoni mwa miaka ya 1970 msingi wa kipimo cha kidoleni, ambacho hupitisha mwanga kwenye ngozi na kukadiria ni sehemu gani ya himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, iliyojaa. Kwa kawaida mtoto ambaye kipimo chake kiko chini ya asilimia 90 huanzishiwa oksijeni. Huko Papua New Guinea, hospitali tano zilipopewa konsentreta na vipimo hivyo kwa pamoja, vifo vya watoto wenye nimonia vilipungua kwa asilimia 35, kama ilivyochapishwa mwaka 2008. Na pengine hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba vifaa hivi viwili havifai kununuliwa kimoja bila kingine.

Kipimo hicho humlinda mgonjwa pia dhidi ya oksijeni ya kupita kiasi. Katika miaka ya 1940 na 1950 maelfu ya watoto njiti katika nchi tajiri walipofuka kwa sababu oksijeni nyingi iliharibu ukuaji wa mishipa ya damu machoni mwao, na siku hizi njiti aliye kwenye oksijeni hupunguziwa kiwango mara kipimo chake kinapovuka asilimia 95.